Maswali ya Jikoni: Jira Nzima, Jira ya Kusaga na Pilau Inayoacha Uchungu

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinazunguka kiungo kimoja: ile mbegu nyembamba ya kahawia yenye mistari, ambayo pilau ikiikosa hubaki wali wa vitunguu tu. Tumezichapa pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamsaidia mwingine.

SWALI: Nilimtuma kijana dukani aniletee binzari ya pilau, akarudi na unga wa njano. Nikamrudisha, safari hii akaleta mbegu za kijanikijani, tamu kama pipi. Hivi binzari ziko ngapi? Na hiyo jira inayotajwa kwenye mapishi ni kitu gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Muuza duka hana kosa kubwa. Neno lenyewe ndilo linalosumbua. Binzari, au bizari kama wasemavyo watu wa pwani, ni jina linalobeba viungo visivyohusiana. Binzari ya manjano ni kiazi cha mmea ulio ndugu wa tangawizi, kilichochemshwa, kikakaushwa na kusagwa. Huku bara ukitaja "binzari" peke yake, wengi wataelewa hiyo. Bizari ya mchuzi ni mchanganyiko uliosagwa tayari wa giligilani, manjano, uwatu, pilipili na vinginevyo. Bizari tamu ndiyo shamari, na hiyo bila shaka ndiyo mliyoletewa mara ya pili.

Unayoitaka ni bizari nyembamba. Unguja wengi huiita uzile. Jira ni neno lililoletwa na Wahindi, na kamuni limetoka kwa Waarabu. Yote manne ni mbegu ileile. Humu tutasema jira, kwa kuwa jina hilo ni fupi na halichanganyiki na manjano.

Kwa macho utaitambua hivi: punje ina urefu wa milimita tano hivi, imejipinda kidogo, imechongoka pande zote mbili, na ina mistari inayokwenda kwa urefu. Rangi yake ni kahawia iliyofifia, wakati mwingine yenye ukijani kwa mbali. Shamari ni nene zaidi, ya kijani kibichi au ya kijani-njano. Hata hivyo pua ni hakimu mzuri kuliko jicho. Sugua punje kumi viganjani kisha unuse. Jira ina harufu nzito, ya joto, inayofanana na udongo mkavu uliopigwa na mvua ya kwanza; shamari inanukia utamu mtupu. Mwambie kijana asitaje jina tu, aombe kunusa kabla ya kulipa. Shamari ikiingia kwenye pilau kwa kipimo cha jira, sufuria nzima itakuwa na ladha ya peremende, wala hakuna dawa.

SWALI: Pilau yangu hunukia vizuri ikiwa jikoni, lakini ikiliwa inaacha uchungu nyuma ya ulimi. Huwa napasha mafuta, natia jira na viungo vingine, kisha vitunguu mpaka vibadilike rangi, halafu thomu na tangawizi, nyama, na mwisho mchele. Nikipunguza jira uchungu unapungua, lakini pilau inakosa ladha. Nimekwama.
Msomaji, Tanga

JIBU: Asante kwa kuandika hatua zote, maana tatizo limejionyesha lenyewe: jira yako inaingia mapema mno. Kipimo hakina kosa, usikipunguze.

Ndani ya kila punje, chini ya ile mistari, kuna vifereji vyembamba vya mafuta. Mafuta hayo ni machache, kati ya gramu 2 na 4 kwa kila gramu 100 za jira, na ndiyo yenye harufu yote. Yakikutana na mafuta ya moto hutoka haraka sana: nusu dakika inatosha. Vitunguu vya pilau vinahitaji dakika 15 hadi 20 ili vikolee rangi. Ukiitia jira kwanza, inakaa kwenye moto wa kukaangia kwa dakika zote hizo. Harufu inapanda juu na kujaza nyumba, ndiyo sababu unaisikia jikoni, na kwenye sufuria yanabaki maganda yaliyoungua. Huo ndio uchungu wako.

Pika kwa mpangilio huu. Vipimo ni vya mchele kilo 1 na nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1.

Chemsha nyama kwa chumvi, nusu ya tangawizi na maji ya kutosha mpaka ikaribie kuiva. Itoe, na uihifadhi supu yake ikiwa ya moto. Pima viungo: jira nzima vijiko 2 vya chakula (kama gramu 12), pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai, iliki 8 zilizopasuliwa, karafuu 6, mdalasini vijiti 2 vya urefu wa kidole. Igawe jira mafungu mawili. Fungu moja likaange bila mafuta, liache lipoe, ulisage. Fungu la pili libaki zima.

Pasha mafuta ya kupikia mililita 200. Ukipenda, nusu yake iwe samli. Tia vitunguu maji 5 vikubwa vilivyokatwa vyembamba na kwa usawa. Vikisha kuwa rangi ya tende, punguza moto, na hapo ndipo uingize viungo vizima, pamoja na lile fungu la jira isiyosagwa. Hesabu sekunde 20 hadi 30 huku ukikoroga. Utasikia jira ikitatarika. Mara moja tia thomu iliyotwangwa vijiko 2 vya chakula na tangawizi iliyobaki, ukifuatisha upawa mmoja wa supu. Supu hiyo ina kazi mbili: inashusha joto ili thomu isiungue, na inabandua rangi iliyoganda chini ya sufuria.

Sasa tia nyama na viazi, geuza kwa dakika tano mpaka nyama ishike rangi, kisha mimina supu. Mchele wa basmati uliolowekwa nusu saa unataka vikombe 1½ vya supu kwa kikombe 1 cha mchele. Mchele wa Kyela unaweza kufika vikombe 1¾, lakini ukiwa mpya wa msimu hunywa kidogo kuliko uliokaa ghalani, kwa hiyo anza na kipimo cha chini. Supu ikichemka ionje. Iwe na chumvi iliyozidi kidogo ile unayoitaka mdomoni, kwa kuwa mchele utainywa. Ndipo tia mchele, acha uchemke wazi mpaka supu ilingane na mchele, nyunyiza jira ya kusaga juu, geuza mara moja tu kwa mwiko kutoka chini, funika na upalie makaa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe hafifu kabisa. Dakika 20 hadi 25.

Jira nzima imeupa mafuta ladha mwanzoni, ya kusaga inarudisha harufu mwishoni. Anayetia yote mwanzo hupoteza nusu ya pili. Anayetia yote ya unga mwisho hupata pilau inayonukia bila kuwa na ladha ndani ya mchele.

Kama baada ya hapo uchungu bado upo, tafuta mwingine wa kulaumu. Karafuu zikizidi hutia ulimi ganzi kidogo, dalili ambayo jira haina. Thomu iliyoungua ina uchungu mkali unaokuja mara tu unapotafuna. Vitunguu vilivyopita rangi ya tende na kuwa vyeusi huleta uchungu wa masizi. Na ikiwa umeshaona jira imekuwa nyeusi kabla mchele haujaingia, mwaga mafuta hayo na vitunguu vyake uanze upya. Inauma, lakini kilo ya mchele na kilo ya nyama ni hasara kubwa kuliko vitunguu vitano. Kuongeza viazi au sukari hakutoi uchungu wa kuungua.

SWALI: Nikila pilau ya Mombasa ni ya kahawia iliyoiva. Yangu ni kama majivu, na nimeongeza jira mpaka mume wangu analalamika. Wengine wanashauri nitie nyanya, wengine rangi ya dukani.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Jira haitoi rangi hiyo hata ukitia robo kilo, unga wake mwingi ndio huleta huo ujivu unaousema. Kahawia ya pilau inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa vikakolea, na kwenye nyama iliyoshika rangi. Rudi kwenye vijiko 2 kwa kilo, uhangaike na vitunguu.

Makosa ya kawaida ni matatu, na yote yanaishia kwenye maji. Sufuria nyembamba iliyojaa vitunguu huvichemsha kwa maji yake vyenyewe badala ya kuvikaanga. Mafuta machache hufanya hivyohivyo. Chumvi ikitiwa mapema huyavuta maji nje kwa wingi. Tumia sufuria pana, mafuta ya kufunika vitunguu angalau nusu yake, moto wa juu mpaka mvuke upungue, kisha wa wastani. Dakika tatu za mwisho usiondoke jikoni: rangi ya dhahabu huwa tende, na tende huwa mkaa, kwa muda mfupi sana.

Nyanya hutia wekundu na uchachu, na uchachu ndio unaoifunika jira. Wapo wanaoipenda pilau hiyo, nasi hatuna ugomvi nao, ila haitakupa kahawia ya pwani. Rangi ya dukani iache hukohuko dukani.

SWALI: Je, ni lazima kuikaanga jira kabla ya kusaga? Na kwa nini ya kwangu ikisagwa inagandamana kama tope?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Si lazima, ila tofauti yake ni kubwa. Mbegu mbichi ikisagwa ina ukali wa majani makavu. Iliyokaangwa inapata harufu ya karanga na ule ukali unatulia. Kwa kachumbari, mtindi, viazi vya kuchemsha au chochote kisichorudi motoni, tumia iliyokaangwa tu. Kwa mchuzi utakaochemka nusu saa, mbichi iliyopitishwa kwenye mafuta inatosha.

Kikaango kiwe kizito na kikavu kabisa. Kwa jiko la mkaa, subiri moto upoe na makaa yavae majivu. Weka jira vijiko 3 vya chakula, isizidi tabaka moja, na ukoroge bila kupumzika kwa dakika 2 hadi 3. Alama za kufuata ni hizi: kwanza harufu inapanda, kisha rangi inazidi kidogo tu, halafu punje moja mbili zinatatarika. Hapo hapo mimina kwenye sahani baridi. Usiiache kikaangoni hata kama umeshaepua, kwa maana chuma bado kina moto wa kuiunguza. Ukiona moshi wa buluu, umechelewa. Onja punje moja, na kama ni chungu usijidanganye kwamba itajificha kwenye chakula.

Kugandamana kunatokana na kusaga ikiwa ya moto. Mbegu ya moto bado inatoa mvuke, na mvuke huo ukifungiwa ndani ya blenda unarudi kuwa maji na kuulowesha unga. Acha ipoe dakika 15 mpaka ikiguswa shavuni haina joto na ikibanwa kwa kucha inavunjika. Kisha saga kwa vipindi vifupi vya sekunde tano, ukitikisa katikati, kwani blenda nayo hupata joto. Kinu kidogo cha mawe au cha shaba kinafanya kazi vizuri zaidi, ukisaga kwa kuzungusha mchi badala ya kupiga. Ukipiga, punje zinaruka nje.

Pima kabla ya kusaga. Mapishi yakitaja kijiko cha jira nzima, chukua kijiko cha nzima ndipo usage, kuliko kukisia kijiko cha unga.

Kwa Mtwara na miji yote ya pwani kuna jambo la unyevu. Jira nzima ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, kabatini gizani, hudumu miaka miwili mitatu ikiwa na nguvu. Ya unga huanza kulegea baada ya miezi michache, na ikiwekwa kwenye rafu iliyo juu ya jiko, ambako mvuke na joto hupanda kila siku, haifiki mbali. Saga ya wiki mbili tu kila mara. Usinyunyize kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka: mvuke unaingia, na kesho utakuta bonge. Ukiona vijidudu vidogo vya kahawia au utando kati ya punje, tupa. Kwa kinga, jira mpya iliyofungwa vizuri ilaze kwenye friza siku nne kisha iache irudie hali ya kawaida bila kuifungua, ili isishike umande.

SWALI: Nikitia jira ya unga kwenye maharagwe yanayochemka, mchuzi unakuwa na ladha ya vumbi. Wenzangu wanasema jira ni ya pilau tu.
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Wenzako wanakunyima uhondo. Maharagwe na jira ni marafiki wa zamani, lakini jira haipendi kuanzia kwenye maji. Harufu yake iko ndani ya mafuta, na mafuta hayayeyuki majini. Unga ukitupwa kwenye maji ya moto unalowa na kuelea, na unachokionja ni ganda lililosagwa. Hilo ndilo vumbi.

Yachemshe maharagwe nusu kilo mpaka yaive kabisa na mchuzi wake uwe mzito. Kwenye kikaango kidogo, pasha mafuta vijiko 3 vya chakula. Dondosha punje moja ya jira: ikizunguka na kutoa povu papo hapo, mafuta yako tayari, ikizama na kutulia, subiri. Tia kijiko 1 cha chai cha jira nzima, sekunde 20, kisha kitunguu kimoja kilichokatwa na punje 3 za thomu. Vikilainika na kuanza kuwa vya dhahabu, mimina vyote pamoja na mafuta yake kwenye maharagwe, chukua upawa wa maharagwe usafishie kikaango, rudisha, uache vichemke pamoja dakika 10. Kama una tui la nazi, litie baada ya hapo kwa moto mdogo, ukikoroga ili lisikatike. Chumvi mwisho.

Njia hiyohiyo inafaa kwa dengu, choroko na mbaazi.

SWALI: Nimenunua kummin hapa nikapika pilau, ikawa na ladha ya mkate wa ngano nyeusi. Je, jira ya Ulaya ni tofauti?
Msomaji, Stockholm

JIBU: Hukununua jira. Kwa Kiswidi kummin ni mbegu nyingine, ile inayotiwa kwenye mikate na jibini. Jira huitwa spiskummin. Wasomaji wetu walioko Denmark watafute spidskommen na waiache kommen. Ujerumani jira ni Kreuzkümmel, na Kümmel peke yake ni ile ya mkate. Ufini ni juustokumina. Uholanzi mambo ni rahisi, komijn ndiyo jira yenyewe. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na karoti, giligilani na shamari, ndiyo maana punje zake zinafanana mpaka zikakupotosha. Ile ya mkate ni nyeusi zaidi na imejikunja kama mwezi mchanga.

Tahadhari nyingine ni ya "jira nyeusi". Kwa wengine ni habasoda, punje nyeusi ti zenye pembe, na kwa maduka ya Kihindi ni shahi jeera, nyembamba na tamu zaidi. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya jira kwenye pilau. Maduka ya Waarabu, Waturuki na Wahindi mjini kwako huuza jira yenyewe kwa kilo, na huko huwa mpya zaidi kuliko kwenye vichupa vya dukani.

SWALI: Mwanangu ana mzio wa karanga. Nimesikia jira iliwahi kupatikana na karanga ndani. Ni kweli?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Ni kweli. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 bidhaa nyingi zenye jira ya kusaga ziliondolewa madukani huko Marekani baada ya kugunduliwa zina karanga ambayo haikutajwa kwenye lebo. Zilikuwemo pia sosi na nyama zilizokwisha kukolezwa kwa unga huo. Kwa nyumba yenye mzio wa karanga, nunua jira nzima, imimine kwenye sinia jeupe uichambue punje kwa punje, kisha saga mwenyewe kwa chombo ambacho hakijawahi kusaga karanga wala korosho. Soma lebo ya mchanganyiko wowote wa pilau kwa makini uleule. Anayeudhiwa na figili-majani (celery), giligilani au shamari naye amwulize daktari kabla ya kula jira, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja.

SWALI: Jira niliyonunua sokoni ikioshwa inatoa maji meusi. Imechakachuliwa?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Huenda. Jira ya bandia hutengenezwa kwa mbegu za nyasi zilizopakwa sukari guru na unga wa mawe. Chukua kijiko kimoja, kitie kwenye glasi ya maji ya kawaida, koroga na usubiri dakika tano. Jira halisi hubaki nzima na maji hugeuka kidogo tu, rangi ya chai hafifu. Ya bandia huachia rangi nzito haraka, tope linatua chini, na punje zikibanwa zinavunjika au zinabaki vijiti vya nyasi. Ukizisugua kavu viganjani, halisi zinaacha harufu inayodumu, bandia zinaacha vumbi.

Vumbi la kawaida na vijiwe ni jambo jingine. Pepeta kwenye ungo, kisha chambua. Ukilazimika kuiosha, iwe ni ile utakayoitumia siku hiyo tu: suuza haraka kwenye chujio, tandaza kitambaani mpaka ikauke, ndipo uikaange. Usiioshe kisha ukaihifadhi, itaota ukungu.

SWALI: Zanzibar inaitwa visiwa vya viungo. Kwa nini basi jira inatoka nje?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na manjano vinapenda joto lenye unyevu. Jira inataka kinyume chake: msimu mkavu, wenye ubaridi wa wastani, kwa muda wa miezi mitatu minne. Hewa ikiwa na unyevu inashikwa na ukungu wa majani na ugonjwa wa kunyauka, na mvua ikinyesha wakati wa maua shamba linakwisha. Nyingi duniani inalimwa Gujarat na Rajasthan, India, ikipandwa karibu na Novemba na kuvunwa Februari na Machi, na soko lake kubwa liko Unjha, Gujarat. Syria, Uturuki na Iran nazo huilima. Kwa mnunuzi wa huku, mazao mapya huanza kuingia sokoni baada ya Machi, na huo ndio wakati wa kununua ya mwaka.

SWALI: Nina shughuli, nitapika mchele kilo 10. Nizidishe kila kitu mara kumi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Mchele, nyama na chumvi ndiyo. Jira gramu 100 hadi 120 inatosha, nusu nzima, nusu ya kusaga. Karafuu na iliki usizizidishe mara kumi. Kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa muda mrefu hizo hupanda juu ya vingine vyote. Karafuu 40 na iliki 60 zinatosha, na mdalasini vijiti 12.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Sufuria kubwa haipotezi mvuke mara kumi ya ndogo, kwa hiyo supu ya vikombe 1½ kwa kila kikombe itakupa bokoboko. Shuka mpaka 1¼ au kidogo juu yake, na uweke birika la supu ya moto pembeni kwa nyongeza.

Vitunguu kilo 6 havikaangiki kwa pamoja. Vikaange kwa mafungu ya kilo moja siku moja kabla, uvitandaze kwenye sinia, na mafuta yake uyachuje uyatumie kesho. Nyama nayo ichemshwe jana yake. Siku yenyewe utapasha mafuta hayo, utatia jira na viungo vizima kwa nusu dakika, thomu na tangawizi pamoja na supu kidogo, kisha vitunguu, nyama na supu iliyobaki. Ionje supu ikichemka, kabla mchele haujaingia. Ikiwa jira haijasikika, kaanga kijiko kimoja zaidi kwenye kikaango cha pembeni kwa mafuta kidogo uimwagie, maana mchele ukishaingia hakuna tena mahali pa kurekebisha. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, na geuza mara moja tu baada ya dakika 20, wawili wakishirikiana kwa miko mirefu, kutoka pembeni kwenda katikati.